Kutoka Kambini hadi Darasani: Wajibu wa Vyuo vya Marekani kwa Askari Waliotoka Jeshini



Muradi wa mada hii ni kubainisha kwamba fedha humfikisha askari wa zamani mlangoni mwa chuo, lakini kinachomdumisha humo hata akahitimu ni watu wa kumpokea. Na kwa kuwa zama zimebadilika, watu hao hawapatikani tena kwa bahati, bali ni sharti chuo kiwaandae kwa makusudi.

Tarehe 22 Juni 1944 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowapa askari wa Vita vya Pili vya Dunia karo ya hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na masurufu ya kila mwezi. Walikuwapo wakuu wa vyuo, mfano wa Robert Hutchins wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliohofu kwamba elimu ya juu itashuka hadhi. Lakini askari wale walisoma kwa bidii iliyowatahayarisha wenye shaka, na kufikia mwaka 1956 zaidi ya milioni 2 walikuwa wamepitia vyuoni. Insafu yatulazimu kukumbuka kwamba askari weusi, hasa wa majimbo ya Kusini, walifungiwa milango mingi kwa ubaguzi, ilhali vita walivyopigana vilikuwa vile vile.

Ufanisi ule haukuletwa na fedha peke yake. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani, na wengi waliishi na wake zao na watoto katika mabanda ya bati yaliyotoka jeshini, hata aliyegutuka usiku kwa ndoto mbaya alikuwa na jirani anayefahamu sababu pasipo kuelezwa. Leo sheria ya mwaka 2008 yatoa miezi 36 ya masomo, masurufu ya nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Lakini mwanafunzi aliyetoka jeshini, aghalabu mtu mzima mwenye ahali, huketi peke yake kati ya vijana waliotoka sekondari juzi. Miongoni mwa askari hawa wamo wana wetu wa Afrika Mashariki, waliohamia Marekani wakajiunga na jeshi, na ugeni wao ni maradufu.

Tutazame taabu yenyewe kwa karibu. Masurufu ya nyumba hulipwa mwezi ukishapita, nayo hayatoki mpaka karani wa chuo athibitishe masomo aliyojiandikisha mwanafunzi. Likizo baina ya mihula haina malipo, ilhali mwenye nyumba hudai kodi yake. Na mwanafunzi akiacha somo moja katikati ya muhula, huenda akadaiwa fedha alizokwisha tumia. Darasani huchagua kiti cha nyuma, mgongo ukutani na macho mlangoni, na mwalimu asiyejua humdhania ana kiburi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, chuo kiwe na afisi moja ya kumhudumia askari wa zamani, na hati zake zipelekwe serikalini mapema, asizungushwe huku na huku. Pili, ilimu aliyoipata jeshini ihesabiwe: aliyewafunga majeruhi vidonda chini ya risasi asirudishwe kujifunza huduma ya kwanza. Tatu, apatiwe chumba cha kukutana na wenzake, na kila mgeni akabidhiwe kwa askari mwenzake aliyemtangulia, kwani mtu aliyefunzwa kustahimili huona haya kuomba auni kwa asiyemjua. Nne, walimu wafahamishwe desturi zake, na asiulizwe kadamnasi kama aliwahi kuua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na darasa lipatalo mtu aliyebeba dhamana ya roho za wenzake hufaidika kwa uzingativu wake. Naiomba semina hii iazimie kwamba kila chuo kinachopokea karo ya askari kipokee pia jukumu la kumfikisha kwenye shahada yake.