Isiolo hadi Marsabit: Safari ya Mchana Mmoja

Leo tunaelekea kaskazini mwa Kenya, kutoka Isiolo hadi Marsabit, takriban kilomita 260. Zamani barabara hii ilikuwa mawe na vumbi, na malori yalisafiri kwa misafara. Leo ni lami hadi Moyale, mpakani na Ethiopia.

Baada ya Isiolo, karibu na Archers Post, utavuka mto Ewaso Ng'iro, tegemeo la wanyama wa hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Mbele unasimama mlima Ololokwe, wenye kilele bapa na kuta za mwamba. Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu, nawe uuheshimu. Ukipita Merille na Laisamis, nchi inakuwa kame, hadi mlima wa volkano wa Marsabit unapojitokeza na msitu wake wa ukungu. Humo aliishi tembo Ahmed, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974.

Sasa, tahadhari. Ondoka alfajiri ufike kabla ya giza. Jaza mafuta Isiolo, beba maji ya kutosha, gurudumu la akiba na kitambulisho. Punguza mwendo uonapo ngamia au mbuzi. Mvua ikinyesha milimani, makorongo makavu hufurika ghafla. Usivuke maji yaendayo kasi, subiri yapungue. Na kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe ruhusa.

Safari njema, msikilizaji.