Ugonjwa Usiojulikana Ukiingia Shambani



Mnamo mwezi wa Septemba, mwaka 2011, wakulima wa Longisa, katika Bomet nchini Kenya, waliona jambo geni. Mahindi yaliyoota vizuri yaligeuka manjano kwenye majani machanga. Kisha majani yakakauka, tangu ukingoni mpaka katikati, na mimea mingi ikazaa magunzi matupu. Ugonjwa huo haukuwa na jina kwao.

Mtu aonaye majani ya manjano hudhani kwamba udongo umechoka, naye huongeza mbolea. Lakini mbolea haiuponyi ugonjwa huu, wala mvua haiuondoi. Wataalamu walipoyachunguza majani, walikuta virusi vya namna mbili: kimoja cha mahindi, kingine kijulikanacho sana katika miwa. Kila kimoja peke yake huudhoofisha mmea, vikikutana huuua. Virusi hivyo huchukuliwa na wadudu wadogo, kama vidukari, na kimoja huweza kupita hata katika mbegu. Ugonjwa huo ulikwisha kuonekana Kansas, Marekani, mwaka 1976. Mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya mmea uliokwisha kuugua.

Hasara yake haikuwa ndogo. Mwaka 2013 ilikadiriwa kwamba Kenya ilipoteza kama asilimia 22 ya mahindi yake.

Basi mkulima afanye nini aonapo ugonjwa asioujua? Asingoje mpaka jina lake lijulikane. Kwanza, amwite Afisa wa Kilimo, yule ambaye wengi humwita Bwana Shamba, aje auone mmea ungali umesimama. Pili, aing'oe mimea yote iliyougua. Majani mabichi yasiyooza huweza kulishwa ng'ombe. Lakini mahindi yaliyoota ukungu yana sumu, asipewe mtu wala mnyama, bali yateketezwe. Tatu, asiweke mbegu kutoka shamba hilo, ila anunue mbegu iliyothibitishwa. Nne, abadilishe mazao kwa misimu miwili au zaidi: apande maharagwe, viazi, vitunguu au muhogo. Mtama na miwa havifai, kwa kuwa navyo ni vya jamii ya mahindi, na virusi huweza kukaa humo.

Ni uchungu mkubwa kung'oa kwa mkono wako chakula ulichokitegemea kwa watoto. Lakini mmea mgonjwa ukiachwa kwa huruma, wadudu hutoka kwake wakaenda kwenye mimea mizima, na shamba la mtu mmoja likawa msiba wa kijiji kizima. Wala haifai kuficha kwa haya, kwa maana ugonjwa wa mmea si aibu ya mwenye shamba. Majirani wakiarifiana mapema na kubadilisha mazao pamoja, wadudu hukosa pa kuupeleka ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.