Uzito Kabla ya Umeme: Kusimika Mitambo ya Gurudumu la Maji la Nyumbani



Mada yangu inahusu kusimika mitambo mizito ya gurudumu la maji linalozalisha umeme wa nyumba moja. Gurudumu la maji huzunguka polepole, na nguvu inayokuja polepole huja na uzito. Asiyeupangia uzito huo mapema anaweza kuwa na maji ya kutosha na jenereta nzuri, na bado umeme wake usidumu.

Tuchukue kijito cha aina tunayoiona Njombe au Makete: maporomoko ya mita 4, na maji lita 150 kwa sekunde yakipimwa Oktoba, wakati vijito vimepungua. Zidisha mita kwa lita, kisha kwa 9.81, utapata wati 5,886. Gurudumu linalomwagiwa maji kwa juu hunasa takriban asilimia 70 ya nguvu hiyo. Mwingereza John Smeaton alionyesha kwa majaribio aliyoyatangaza mwaka 1759 kwamba gurudumu la namna hii hupata takriban mara mbili ya lile linalosukumwa na maji kwa chini. Ukitoa hasara za giaboksi, mkanda na jenereta, hubaki kilowati 3 hivi: taa, runinga, friji na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Sasa tuutazame uzito. Gurudumu la kipenyo cha mita 3.5 litazunguka mara 9 hivi kwa dakika. Wakati wowote linapofanya kazi, upande wake mmoja umebeba karibu nusu tani ya maji. Ekseli yake hupokea msokoto sawa na kilo 440 zilizoning'inizwa kwenye mkono wa mita moja. Bomba la maji la inchi mbili, hata likichomelewa vizuri namna gani, litapinda na kujisokota. Inatakiwa shafti ya chuma kizima, na kipenyo chake kikokotolewe na mtu anayejua hesabu hizo. Gurudumu lenyewe la chuma linaweza kufika tani moja.

Kwa hiyo kazi ianze ardhini, na kabla ya ardhi, ofisini. Kuchepusha maji kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Msingi wa zege ni kitu cha kudumu. Waiteni wahusika waone eneo na watoe uamuzi kabla hamjamwaga hata ndoo moja.

Njia ya kufikisha chuma hicho bondeni ndiyo inayosahaulika zaidi. Roli huishia barabarani; kutoka hapo ni mteremko, migomba na utelezi. Ushauri wangu ni gurudumu litengenezwe kwa vipande vya kufungwa kwa bolti, kila kimoja kibebeke na watu sita bila kukimbizana, na usafirishaji ufanywe kiangazi. Shafti haigawanyiki, basi ishushwe juu ya magogo huku kamba imezungushwa kwenye mti imara upande wa juu, na anayeilegeza awe mmoja. Asisimame mtu upande wa chini wa mzigo. Kunyanyua kufanyike kwa cheni bloku iliyotundikwa kwenye nguzo tatu zilizofungwa pamoja kileleni, miguu ikiwa imechimbiwa isiteleze. Hapa simwonei haya mtu yeyote: atakayeingia chini ya chuma kinachoning'inia aondolewe eneo la kazi siku hiyohiyo.

Msingi uchimbwe mpaka mwamba au udongo mgumu, chini ya kina ambacho mafuriko ya masika yanaweza kuchimba. Bolti za msingi zishikiliwe na fremu ya mbao yenye matundu yaleyale ya beringi, ili zege likikauka zisiwe zimehama. Zege limwagiliwe maji kila siku kwa wiki nzima, na gurudumu lenye maji lisubiri siku 28. Najua mwenye nyumba atasukuma, fundi asikubali.

Usawa wa beringi mbili upimwe kwa bomba jembamba la plastiki lenye maji, maana pimamaji fupi hudanganya kwa umbali wa mita mbili. Beringi moja ikazwe kabisa, nyingine iachiwe nafasi ndogo ili shafti irefuke ikipata joto. Na mkichomelea chochote juu ya gurudumu, kibanio cha ethi kifungwe kando ya mahali panapochomelewa. Umeme wa kuchomelea ukipita ndani ya beringi huacha vidonda visivyoonekana, na baada ya miezi michache mtalaumu grisi.

Jenereta ya nguzo nne inataka mizunguko 1,500 kwa dakika ili itoe hezi 50. Kutoka 9 hadi 1,500 ni mara 167. Giaboksi ya moja kwa 40 ikifuatiwa na puli na mikanda ya karibu moja kwa nne hutosha. Jihadharini tu na giaboksi za mitumba zenye shafti ya skrubu ndani: kwa uwiano mkubwa hivyo nyingi hukataa kuzungushwa kutoka upande wa polepole. Mnunuzi azungushe kwa mkono upande huo kabla ya kulipa.

Siku ya kuwasha, mlango wa kuchepusha maji uwe umeshajaribiwa na mtu asimame penye mlango huo. Mzigo wa umeme ukikatika ghafla gurudumu huongeza kasi, na njia ya hakika ya kulituliza ni kulinyima maji. Lianze tupu, kisha maji robo, kisha nusu, huku beringi zikiguswa kusikilizia joto baada ya maji kufungwa na gurudumu kusimama. Baada ya siku chache za kazi, fungeni maji tena, zuieni gurudumu kwa gogo, na kazeni kila bolti upya kuanzia zile za msingi.