Sentensi Mbili za Mwalimu



Muhula unapofungwa hapa Kigali, mtoto hurudi nyumbani na indangamanota yake, yaani ripoti ya shule, mkononi, na swali la kwanza analolikuta mlangoni ni, "Umekuwa wa ngapi?" Zipo shule ambazo nafasi hizo husomwa hadharani, mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Wanaotaka tufute asilimia na nafasi, tuandike herufi, wanasema herufi haimwaibishi mtoto. Kuhusu aibu niko pamoja nao. Kuhusu herufi tunaachana.

Tazameni kwa majirani. Tanzania, mwaka 2014, mtahiniwa wa kidato cha nne aliyepata 62 katika somo aliandikiwa B+, kwa kuwa daraja hilo lilikuwa la 60 hadi 74. Leo 62 hiyohiyo ni C, ya 45 hadi 64. Ujuzi ni uleule, mpaka ndio uliohamishwa. Na ndani ya C hiyo wamo wa 45 na wa 64, jina lao moja, ilhali wa 64 na wa 65 wameachana kwa alama moja tu na mmoja anaitwa B. Kenya, E ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ndiyo mkia wa orodha. Kwetu, katika mizani tuliyoizoea ya mwisho wa sekondari, E ina pointi 2, na chini yake ziko S na F. Mzazi aliyehamia hapa kutoka Nakuru atashtuka bure.

Tena hata alama inayozaa herufi haikusimama imara. Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, walichapisha utafiti ambamo karatasi ileile ya mtihani wa Kiingereza ilisahihishwa na walimu wa shule nyingi mbalimbali. Alama walizotoa zilipishana kwa zaidi ya 30. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha usiku wa manane anajua hilo bila kusimuliwa.

Lakini utafiti unaonigusa zaidi ni wa Ruth Butler, uliochapishwa mwaka 1988. Aliwagawa wanafunzi nchini Israeli: wengine walipewa alama, wengine maoni ya maandishi, wengine vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliosonga mbele katika kazi na kuendelea kuipenda. Waliopata vyote viwili hawakunufaika hivyo. Naomba tulitafakari jambo hili, kwa sababu sisi hudhani kwamba tukiongeza maoni kando ya alama tumemaliza kazi. Mtoto akishaiona alama, maneno yaliyo pembeni hayasomi tena.

Mwaka 2015 Rwanda ilizindua mtaala wa umahiri, ukaanza kufundishwa mwaka 2016. Unamtaka mtoto afikiri kwa kina, atafute majibu, ashirikiane na wenzake, ajieleze. Kisha tunampa ripoti ambamo yote hayo yamebanwa katika alama moja na neno "Jitahidi". Ajitahidi wapi? Katika kugawanya? Katika kusoma kwa sauti? Anayejua ni mwalimu, naye hakuulizwa.

Najua jibu la walimu, na ni la haki: darasa lina watoto wengi, ripoti ni nyingi, usiku ni mfupi. Kuanzia mwaka 2020 serikali ilijenga vyumba vya madarasa zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano, na hata hivyo mzigo bado ni mzito. Kwa hiyo ninaloomba ni dogo. Mitihani ya kitaifa ibaki na alama zake, maana NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, lazima iwapangie watoto shule, na kupanga kunahitaji kipimo. Ripoti ya muhula haimpangii mtoto shule yoyote. Kuanzia P1 mpaka P3, miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, tuondoe alama, herufi na nafasi, tuandike sentensi mbili kwa Kinyarwanda na mbili kwa Hesabu: mtoto anaweza nini sasa, na afanye nini likizo hii. Tuanze na shule chache za wilaya za Nyarugenge na Gasabo, hapa Kigali. Na saa za kuandika sentensi hizo ziingizwe katika ratiba ya mwalimu, zihesabiwe kuwa kazi, zilipwe.