Siri ya Mgonjwa na Wajibu wa Chama

(Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru, na kuchapishwa hapa kwa agizo la Halmashauri.)



Ni desturi ya mkutano huu kwamba Mweka Hazina akiisha kusoma hesabu, karani naye hueleza barua zilizokuja na zilizokwenda. Mwaka huu tumemwomba Bwana Mwenyekiti ruhusa ya kuyaacha hayo, kwa kuwa yamechapishwa katika kitabu hiki. Twataka kusema juu ya neno moja tu, nalo ni wauguzi wanaotutunza, sheria inayowafunga, na jinsi sisi wenyewe tulivyowatia mashakani. Si neno tamu. Lakini chama kilichoundwa kwa ajili ya kusaidiana katika ugonjwa na msiba hakina budi kujua kama msaada wake unaponya au unajeruhi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Wengi wetu tukisikia neno hospitali, twafikiri Hospitali ya Rufaa ya Nakuru, ile ambayo watu wengi hata leo huiita Jenero. Huko wako madaktari wa kila namna. Lakini jamaa zetu walioko Kuresoi, Solai na Mau Narok, wakiugua usiku, hawaanzii Nakuru. Huanzia zahanati, na katika zahanati nyingi hakuna daktari. Yuko mwuguzi, pengine peke yake. Yeye humpima mtoto mwenye homa, humzalisha mama, hushona jeraha la panga, hutoa dawa, tena huandika daftari. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa sera ya kugawana kazi za tiba, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba kazi nyingi zilizodhaniwa kuwa za daktari peke yake zimekwisha kuwa mikononi mwa wengine. Jambo hili si la Kenya tu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoundwa mwaka 1899, lilitoa mwongozo mwaka 2020 juu ya wauguzi wa ngazi ya juu, wale waliozidishiwa elimu hata wakaweza kubainisha ugonjwa na kuamua tiba.

Basi mtu akizidishiwa kazi, huzidishiwa na siri. Mwuguzi wa zahanati anajua nani kati yetu ana kifua kikuu, nani amepoteza mimba, nani anameza dawa kila siku ya maisha yake. Kisha Jumamosi hukutana na watu hao hao sokoni, wakinunua sukuma wiki katika meza moja, na Jumapili hukaa nao kanisani. Mama mkwe wa mgonjwa humwuliza njiani, “Binti yetu ana nini?” Naye hana jibu ila kuamkiana na kupita. Watu husema ana kiburi. Si kiburi, ni sheria.

Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba yuko mtu ambaye hatuna budi kufunuliwa mbele yake, la sivyo hatupati msaada. Lakini methali hiyo ina upande wa pili. Yule aliyeonyeshwa uchi wa mwenzake amebeba amana. Mkunga akitoka chumbani na kuwasimulia watu barazani, mwaka wa pili hakuna mama atakayemwita, na watoto watazaliwa gizani pasipo msaada.

Sheria ya nchi imesema vivyo hivyo kwa maneno yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya faragha zisitakiwe wala zisifichuliwe pasipo lazima. Twaomba mlisikie vizuri neno hilo: zisitakiwe. Kosa si la yule anayetoa siri peke yake. Hata anayeidai bila lazima amekosa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeweka wazi kwamba habari za mgonjwa ni siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari zinazotaka uangalifu mkubwa kupita nyingine. Naye mwuguzi yuko chini ya Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, iliyotungwa mwaka 1983. Baraza lina uwezo wa kuliondoa jina lake katika daftari, na hapo mkate wake umekwisha.

Tena yuko aliyejaribu kuandika orodha akazuiliwa na mahakama, naye si mtu mdogo. Mwezi wa Februari mwaka 2015 ilitolewa amri ya Serikali kwamba watoto wa shule wenye virusi vya Ukimwi waorodheshwe. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwamba wapate kusaidiwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba orodha ya namna ile, yenye kufunga jina la mtoto na ugonjwa wake, ilivunja Katiba, ikaagiza habari zile zihifadhiwe kwa njia isiyowatambulisha watoto. Ikiwa Serikali yenye nia njema iliambiwa hivyo, chama chetu ni nani?

Sasa twafika mahali pagumu. Sisi tunaoshika kalamu ya chama tunalo daftari la misaada. Kwa miaka mingi kanuni yetu imekuwa kwamba mwanachama akiomba fedha za hospitali, sharti alete karatasi inayotaja ugonjwa, na karani aisome mbele ya Halmashauri. Miaka michache iliyopita mwanachama mmoja alileta karatasi yake. Hatutamtaja jina, wala hatutataja ugonjwa, wala mahali alipotibiwa. Tulimwendea mwenyewe, tukamsomea maneno haya, akaturuhusu tuyaseme hivi yalivyo.

Karatasi ile tuliisoma kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka. Halmashauri ilimpa msaada wake wote, na tulitoka tukijiona tumefanya wema. Kabla ya juma kwisha, mke wake aliambiwa ugonjwa wa mumewe na mwanamke mwingine kwenye foleni ya maji. Mume alikuwa bado anatafuta siku na maneno ya kumwambia. Akaacha kwenda katika zahanati iliyo karibu naye. Alianza kupanda matatu kwenda mbali kuchukua dawa, mahali asipojulikana. Nauli ilipokosekana, alikosa na dawa. Alipolazwa mara ya pili hakuja kwetu kuomba msaada. Kiti chake katika mikutano hii ni kitupu.

Lakini hayo si yote. Watu waliuliza siri imetoka wapi, na wote wakamnyoshea kidole mwuguzi. Alisemwa sokoni. Jamaa za mgonjwa walikwenda kumfokea mlangoni pa zahanati mbele ya kina mama waliokuwa wakingoja na watoto mgongoni. Naye alinyamaza. Wengine walisema kunyamaza kwake ni kukiri. Wazee wetu, fikirini alivyofungwa. Hakuweza hata kusema, “Si mimi, ni karatasi iliyosomwa chamani,” maana kwa kusema hivyo angekuwa amekiri mbele ya watu kwamba mtu yule ni mgonjwa wake. Alilinda siri ambayo kila mtu alikwisha kuijua, akaivumilia aibu isiyo yake. Nasi tuliojua daftari lilikokuwa tulinyamaza pia. Kimya chake kilikuwa cha uaminifu. Kimya chetu kilikuwa cha woga.

Twajua majibu yatakayotolewa, maana tumeyasikia katika Halmashauri, nayo hayakosi uzito.

Mzee mmoja alituambia: mficha maradhi, kifo humwumbua. Ni kweli. Lakini methali hiyo yamwambia mgonjwa asimfiche mganga. Haisemi ayatangaze mkutanoni. Tena tumeona kwamba kutangazwa ndiko kulikomfanya mwenzetu ajifiche zaidi.

Mwingine alisema kwamba yako magonjwa ya kuambukiza, nasi twapaswa kujilinda. Sheria imelifikiria hilo. Yako magonjwa, kama kipindupindu na kifua kikuu, ambayo mwuguzi hupaswa kuyaarifu kwa maofisa wa afya, nao wana kazi ya kuwalinda watu. Hata wao wamewekewa mpaka. Mwaka 2010 huko Kapsabet wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walitiwa gerezani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba gereza si mahali pa kumtenga mgonjwa ili atibiwe. Habari huenda kwa ofisa wa afya. Haiji kwa karani wa chama.

Naye Mweka Hazina aliuliza: tutajuaje kwamba mtu hatudanganyi? Ni swali la haki, kwa kuwa fedha ni za wajane na za vibarua. Jibu ni kwamba ulaghai haukomeshwi kwa kujua jina la ugonjwa. Hukomeshwa kwa kuona hesabu ya hospitali yenye mhuri, siku alizolazwa mtu, na kiasi anachodaiwa, kisha fedha zikalipwa kwa hospitali yenyewe badala ya kupitia mkononi mwa mtu. Hayo yote yaweza kufanywa pasipo kuuliza anaumwa nini.

Kuna neno la pili lililo ndugu ya hili, nalo ni idhini. Sheria ya Afya yasema mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida yake, hatari yake na gharama yake, kwa lugha anayoielewa, na kwamba anayo haki ya kukataa. Katika nchi yetu hii ya Bonde la Ufa, ambako katika chumba kimoja cha kungojea husikika lugha sita au saba, si jambo dogo. Basi baada ya kuelezwa, anayekubali au kukataa ni mgonjwa mwenyewe, akiwa ni mtu mzima mwenye akili zake. Twasema hili mbele ya wazee kwa unyenyekevu, kwa kuwa twajua desturi. Mara nyingi mama huwa amelala kitandani akihitaji kupasuliwa, na jamaa humwambia mwuguzi angoje hata mume au baba mkwe atoke safarini. Ni vema mume ashauriwe, na nyumba yenye mapatano hufanya hivyo. Lakini kidole cha wino ni cha mama. Na mtu akiwa hawezi kusema, na kukawia ni kumwua, sheria haimwachi mwuguzi mikono mitupu. Bwawa la Solai lilipopasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, likaua watu zaidi ya 40, majeruhi walitibiwa kwanza. Kifungu cha 43 cha Katiba kimekataza mtu kunyimwa tiba ya dharura.

Wala tusidhani kwamba twawatetea wauguzi katika kila jambo. Mwuguzi anayempiga mama, anayetukana, au anayeuza siri, ashitakiwe. Mwezi wa Machi mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa haki mama mmoja aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma huko Bungoma na kudhulumiwa na wauguzi, ikaagiza alipwe shilingi 2,500,000 na aombwe radhi. Iko njia: msimamizi wa hospitali, kisha Baraza la Wauguzi, kisha mahakama. Kufokeana mlangoni si njia. Na yule anayemsihi mwuguzi ampe dawa au amfanyie kazi iliyopita elimu yake, kwa sababu ni jirani, ajue kwamba anamtega.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, kanuni ya karatasi ya ugonjwa ifutwe. Yatosha hesabu yenye mhuri. Pili, maombi ya msaada yatazamwe na Mweka Hazina na karani tu, na Halmashauri iambiwe kiasi cha fedha pasipo jina. Tatu, kurasa za daftari la zamani zinazotaja magonjwa zitolewe na kuchomwa mbele ya wazee watatu, ila hesabu za fedha zihifadhiwe. Nne, barua ipelekwe kwa mwuguzi yule kumwomba radhi.

Barua hiyo tumekwisha kuiandika, yangoja sahihi ya Bwana Mwenyekiti. Haimtaji mgonjwa wala haitaji ugonjwa. Yasema tu kwamba neno alilosingiziwa halikutoka kwake, nasi twalijua lilikotoka. Hatutazamii jibu, kwa kuwa akijibu ataivunja siri aliyoilinda. Lakini twaomba ruhusa ya kusema maneno hayo hayo kwa mdomo, mlangoni pa zahanati, mbele ya kina mama wanaongoja, mahali pale pale alipofokewa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Tulijitia kuwa kata bila kuitwa. Sasa turudi mahali petu, tulipe gharama za wenzetu, tuwatembelee, tuwapelekee uji, tusiwaulize.

Tumesema. Wazee wetu na waamue.