KISIMA NA CHOO
Hotuba juu ya Maji na Afya, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Huenda mtu akauliza, chama cha kusaidiana kina jambo gani na maji? Kazi yetu inayojulikana ni kuuguza, kuzika, na kuwafariji waliofiwa. Lakini yatupasa kufikiri kama baadhi ya mazishi hayo yangaliweza kuzuiwa.

Sisi wakaao Mombasa twaijua shida ya maji. Bomba la chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957, lakini watu wameongezeka kuliko maji. Mifereji ikikauka, twarudi visimani. Na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yenye mianya na matundu mengi. Uchafu wa choo cha shimo haukai pale ulipotiwa. Hushuka, hupenya katika mianya hiyo, na huweza kufika kisimani upesi bila ya kuchujwa.

Wako wasemao, "Mababu zetu waliyanywa maji haya, wakaishi hata wakazeeka." Hatuyadharau maneno hayo. Lakini zamani hizo nyumba zilikuwa chache, na vyoo vichache. Leo kiwanja kimoja chakaliwa na wapangaji wengi, na choo na kisima vyatazamana. Kisima ni kile kile. Kilichobadilika ni yale yanayokizunguka.

Wengine husema kuwa maji ni maangavu na matamu, kwa hiyo hayana dhara. Tuwakumbushe habari ya London. Mwisho wa Agosti mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, na katika muda wa siku 10 walikufa watu zaidi ya 500. Daktari John Snow alipochunguza, aliona ya kuwa wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Maji hayo yalisifiwa sana. Mjane mmoja aliyekaa mbali, huko Hampstead, aliyapenda hata akawa akiletewa, naye akafa. Kwa shauri la daktari huyo, mkono wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Baadaye palipofukuliwa, lilionekana karo bovu la nyumba ya jirani, likivuja, umbali usiofika mita 1 kutoka kisimani. Katika karo hilo yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofuliwa nguo za mtoto mchanga aliyekuwa akihara. Basi ulimi na macho havitoshi kuyapima maji.

Kipindupindu kilizuka Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Asiyetibiwa huweza kufa kwa muda wa saa chache, kwa kupungukiwa na maji mwilini. Maji machafu hueneza pia homa ya matumbo, kuhara damu, na namna ya ugonjwa wa ini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa kuhara huua watoto zaidi ya 400,000 wa chini ya miaka 5 kila mwaka ulimwenguni.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo haya. Kwanza, choo kipya kisichimbwe karibu na kisima. Mita 30 ndiyo kadiri itajwayo mara nyingi, na katika matumbawe hata hizo hazitoshi kuaminiwa. Pili, kisima kijengewe ukingo na kifuniko, na kiwe na ndoo yake moja isiyowekwa chini. Tatu, maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo chake. Nne, mwenye kuhara apewe maji ya chumvi na sukari mara moja: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha apelekwe zahanati bila kukawia.

Tunajua ya kuwa mpangaji hana amri juu ya choo cha mwenye nyumba. Hapo ndipo chama kinapohitajiwa, maana mwenye nyumba aweza kumpuuza mtu mmoja, lakini si rahisi kuwapuuza wazee walioketi pamoja. Tena Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Tuwaombe maofisa wa afya wa kaunti wayapime maji ya visima vyetu, na tuwaombe bila woga.

Juu ya fedha, hatuombi sanduku la mazishi liguswe, kwani kumsitiri maiti ni wajibu. Twaomba mchango mdogo wa pembeni, wa saruji na klorini, uanze na visima vinavyotumiwa na watu wengi zaidi. Mtoto tuliyemzika kwa mchango wetu hatuwezi kumrudishia mama yake. Ila ndugu zake wangali wakinywa katika kisima kile kile.

Hoja hiyo twaiweka mbele yenu, wazee wetu, mwiamue.