Fedha za Bweni na Hisa za Dhahabu



Katika kikao kilichopita baadhi ya wanachama walipendekeza mfuko wa bweni la wasichana ununue hisa za kampuni ya utafutaji wa dhahabu, zipande bei, ndipo tujenge. Kamati tumejadili na jibu letu ni hapana. Mnastahili kujua kwa nini.

Aliyewahi kugharamia duara anaijua hesabu yake: unalisha vijana, unanunua matimba, miezi inapita, na mwisho yanaweza kutoka mawe matupu. Kampuni ya utafutaji ni duara la namna hiyo, ila wewe mwenye hisa husimami hata mlangoni kuhesabu mifuko. Haina dhahabu ya kuuza. Ina leseni, matokeo ya sampuli na matumaini, na fedha za wanahisa ndizo zinazolipia uchorongaji.

Kweli, wapo waliopata. Sutton Resources ya Kanada ilishika Bulyanhulu kabla mgodi haujajengwa, na mwaka 1999 Barrick iliinunua kwa takriban dola milioni 280. Mgodi ulianza uzalishaji 2001. (Wachimbaji wadogo wa pale walikuwa wameshaondolewa tangu Agosti 1996, hao hawakuwa na hisa.)

Lakini mwaka 1997 ilibainika kwamba sampuli za Bre-X, nayo ya Kanada, kutoka Busang huko Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu ya kutoka kwingine. Hisa zikawa karatasi. Hata mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, wenye wataalamu wake, ulipata hasara. Sisi tuna mweka hazina mmoja na daftari.

Hatumkatazi mtu na fedha zake. Ila kwanza aulize Tume ya Madini leseni ni ya nani na inaisha lini, maana leseni ya utafutaji si ya uchimbaji. Aulize pia Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama kampuni imeruhusiwa kuuza hisa kwa umma. Anayekuja na jiwe linalong'aa na risiti ya mkono, mpeni chai aende zake.

Bweni limefika kwenye lenta. Mabinti zetu bado wanapanga vyumba mitaani, na kila mzazi hapa anajua yanayowapata huko. Zimebaki mbao, bati na milango. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Mlioko Dar es Salaam na Mwanza, tumeni kabla mvua hazijaanza.